Chunusi za mtaani: kabla upake limau usoni, soma hii kwanza

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu alinitumia ujumbe saa kumi na moja asubuhi. Hakuniuliza niko aje. "Nitumie mia tatu, kuna krimu inatoa chunusi siku tatu." Ana miaka 15, yuko Gredi ya 9, anaishi na mamangu Gatwekera, Kibera. Mimi nilihamia Kawangware, upande wa Congo, kwa hivyo mambo mengi tunamalizana kwa simu. Nikamwambia anitumie picha ya hiyo krimu. Kikopo kidogo cha plastiki, hakina jina la kampuni, hakina tarehe ya kuisha, juu kimeandikwa kwa kalamu: "Chunusi na madoa."

Hicho kikopo nakijua. Si kile kile, ni ndugu yake.

Nilinunua changu nikiwa kidato cha pili. Siku ya tatu uso ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga, nikatembea mtaani nikitafuta kioo. Baada ya mwezi na nusu, nikikosa kupaka siku mbili tu, uso unawaka, unawasha, na chunusi zinarudi zikiwa zimeleta marafiki. Nikawa nanunua kikopo ili nisiumwe, si ili nipone. Daktari aliyenitoa huko aliniuliza swali moja: "Nani alikuuzia steroidi?" Sikujua hata steroidi ni nini.

Wacha niseme mapema: mimi si daktari. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokatika. Lakini hii kitu nimeilipia kwa pesa na kwa ngozi, na nimeisoma sana kuliko nilivyowahi kusoma darasani. Kwa hivyo kaa chini, tuongee.

Chunusi si uchafu, si dhambi

Watakwambia hauoshi uso. Watakwambia unawaza wavulana, ama una damu chafu na unahitaji kuharisha ndio itoke. Zote porojo.

Chini ya ngozi yako kuna vitezi vidogo vinavyotoa mafuta. Ukibalehe, homoni zinavipigia kelele vitoe mafuta zaidi. Mafuta hayo yakichanganyika na ngozi iliyokufa yanaziba kitundu. Bakteria ambao wanaishi kwa ngozi ya kila mtu, hata ya yule mrembo wa darasa lenu, wanajaa hapo ndani. Mwili unaanza kupigana nao, na vita ndivyo unavyoviona kwa kioo: uvimbe, wekundu, usaha. Madaktari wa ngozi hukadiria kwamba karibu asilimia 85 ya watu wa kati ya miaka 12 na 24 hupata chunusi kwa kiwango fulani. Kama babako alikuwa nazo, wewe pia unaweza kurithi, na hapo hakuna sabuni ya kulaumu.

Kuna kitu kimoja ambacho ngozi nyeusi hufanya tofauti. Chunusi ikiisha, inaacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Sisi wengi hatupigani na chunusi, tunapigana na madoa. Na wauzaji wa vikopo wanajua hivyo kuliko sisi.

Maji: tufanye hesabu

Kila ushauri unaanza na "osha uso mara mbili kwa siku". Anayeandika hivyo ana bomba ndani ya nyumba. Nairobi inategemea sana bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na tangu Januari 2017 tumezoea maji ya mgao, leo mtaa huu, kesho ule. Kibera na Kawangware wengi tunanunua kwa mtungi wa lita 20, na yakipotea bei inaruka siku hiyo hiyo. Kibera kuna yale mabomba ya SHOFCO yanayopita juu kwa nguzo ili yasiguse mitaro ya maji taka, yamesaidia, lakini bado mtungi unabebwa, na mara nyingi anayebeba ni msichana.

Sasa hesabu. Kuosha uso hakuhitaji beseni. Nusu lita inatosha, kikombe kimoja kikubwa asubuhi na kingine usiku. Hiyo ni lita moja kwa siku, na mtungi mmoja unakupeleka siku 20. Hii unaweza. Tatizo la maji liko mahali pengine: taulo moja ya watu watano, foronya inayofuliwa mara moja kwa mwezi, na ile beseni inayoosha uso, miguu na sufuria. Kama huwezi kufua foronya kila wiki, tandika fulana safi juu ya mto na uigeuze usiku wa pili. Haina gharama.

Na usisugue. Sabuni ya kipande ya kufulia nguo ni kali, inakausha ngozi na kuichubua. Tumia sabuni laini isiyo na manukato, vidole vyako, basi. Zaidi ya mara mbili kwa siku unajiumiza, isipokuwa umetoka jasho.

Jikoni: nani anasema ukweli?

TikTok imejaa watu wenye ngozi nzuri wakipaka vitu vya jikoni. Twende moja moja.

Limau. Hapana. Ni asidi kali, inachoma ngozi, na ukitoka juani na maji ya limau au ndimu usoni unaweza kuungua vibaya na kubaki na alama nyeusi kuliko ile uliyokuwa unafuta.

Dawa ya meno. Hapana. Inakausha chunusi moja na kuunguza ngozi ya jirani. Ilitengenezewa meno, na meno hayana ngozi.

Magadi. Hapana pia. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, magadi yanavuruga hiyo hali na kuiacha bila ulinzi.

Asali. Haitakudhuru, lakini usiiamini sana. Mwaka 2016 watafiti wa New Zealand walichapisha jaribio lililohusu watu 136 wenye chunusi, wengine wakitumia asali ya huko kwao pamoja na sabuni ya kuua bakteria, wengine sabuni peke yake. Hakukuwa na tofauti ya maana. Asali ni bei, heri uweke kwa chai ya mamako.

Alovera. Hii hapa angalau. Ule utomvu mweupe wa ndani unatuliza ngozi. Jaribio la watu 60 lililochapishwa 2014 lilionyesha kwamba alovera ikitumika pamoja na dawa ya chunusi ya hospitali ilifanya kazi vizuri kuliko dawa hiyo peke yake. Umesoma vizuri? Pamoja na dawa. Peke yake ni msaidizi, si mchezaji wa mbele. Na ile maji ya njano inayotoka kwa ganda uiache itiririke kwanza, inawasha.

Manjano. Itakupaka rangi tu, na foronya pia.

Mafuta ya mti wa chai wa Australia. Mwaka 1990 huko Australia walilinganisha krimu ya asilimia 5 ya mafuta haya na benzoili peroksaidi kwa watu 124. Zote mbili zilipunguza chunusi, ila mafuta yalichelewa. Lakini hiyo ilikuwa asilimia 5, imepimwa. Chupa inayouzwa mjini mara nyingi ni mafuta matupu. Ukipaka hivyo bila kuyapunguza unatafuta vidonda.

Mtihani wa kila kitu kipya: paka kidogo ndani ya mkono, ngoja siku mbili. Kikiwasha, kitupe.

Chipo zimeshtakiwa bure?

Kila mtu analaumu mafuta ya chipo. Ushahidi unanyoosha kidole zaidi kwa vitu vinavyopandisha sukari ya damu haraka. Mwaka 2002 watafiti walichapisha walichokiona katika kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea: walikagua watu 1,200, vijana wakiwemo, na hawakupata hata chunusi moja. Chakula chao kilikuwa viazi vya mizizi, matunda, samaki na nazi. Inawezekana damu yao nayo inachangia, lakini mwaka 2007 Australia walijaribu kwa vijana wa kiume 43, na waliopunguza vyakula vya sukari ya haraka walipungukiwa na chunusi zaidi ya wenzao.

Sasa angalia kiamsha kinywa chetu: chai yenye vijiko vinne vya sukari, mandazi mawili ama KDF, na saa nne soda. Si kwamba hatujui kula. KDF ndiyo inashibisha kwa pesa iliyo mfukoni. Lakini mtaa huo huo una githeri, ndengu, omena na sukuma wiki, na hivyo havipandishi sukari kwa kasi. Anza na kijiko kimoja cha sukari badala ya vinne. Hapo unaokoa pesa, hupotezi.

Kuna mengine hatuyashuku. Mafuta ya nywele yanayotiririka kwa paji la uso baada ya kusukwa huziba vitundu, ndiyo maana chunusi zinapanga foleni hapo juu. Mkanda wa helmeti ya boda unasugua kidevu siku nzima. Na ndugu yangu unayetoka kinyozi na vipele shingoni, hizo mara nyingi si chunusi, ni ndevu zilizojikunja na kuingia tena kwa ngozi. Dawa yake ni kuacha kunyoa hadi chini kabisa.

Turudi kwa kikopo

Hapa ndipo mambo yanakuwa mazito. Vikopo visivyo na jina mara nyingi vinachanganywa nyuma ya duka. Ndani kunaweza kuwa na steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni. Hizi ni dawa halali za magonjwa fulani ya ngozi, kwa siku chache, chini ya daktari. Usoni kwa miezi zinapunguza unene wa ngozi, zinaleta chunusi mpya, mishipa inaonekana, na ukiacha ghafla uso unalipuka. Nyingine zina haidrokwinoni ya kung'arisha. Nyingine zebaki, ambayo inapita kwa ngozi hadi kwenye figo na inaweza kumfikia mtoto tumboni.

KEBS ilishapiga marufuku vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni miaka mingi iliyopita. Na sikiliza hii: Februari 2009, serikali za dunia zilikubaliana kuanza kuandika mkataba wa kudhibiti zebaki. Zilikutana wapi? Hapa Nairobi, kwenye makao ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, Gigiri. Mkataba ukaitwa Minamata, jina la mji wa Japani ambako watu walilemazwa na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Kenya ilitia saini 2013. Mwaka 2023, mkutano wa Geneva ukaamua kwamba vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki visitengenezwe wala kuuzwa kati ya nchi baada ya 2025.

Kutoka Gigiri hadi Kawangware si mbali, ni matatu mbili. Lakini huo mkataba haujafika dukani.

Rwanda mwishoni mwa 2018 ilituma polisi na maafisa wa afya madukani wakakusanya krimu hizi. Sisi tunafanya msako, tunapigwa picha, wiki ijayo kikopo kimerudi na kifuniko cha rangi nyingine. Na kukamata peke yake hakutoshi. Msichana ananunua kikopo cha mia tatu kwa sababu kiko hatua kumi kutoka kwao, na daktari wa ngozi hayuko. Madaktari hao ni wachache nchi nzima na wengi wako mijini, kwa hospitali kubwa. Muuza kikopo amejaza nafasi iliyoachwa wazi. Kama zahanati ya mtaa ingekuwa na dawa mbili tatu za chunusi na muuguzi aliyefunzwa kuzieleza, biashara ya kikopo ingeyumba. Hilo ndilo la kumuuliza MCA wako akija kuomba kura.

Kwa sasa, fanya hivi

Osha uso asubuhi na usiku kwa sabuni laini. Nenda duka la dawa lenye leseni ukutani, uliza benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5. Paka kidogo sana, usiku mmoja ndio, mmoja hapana, mpaka ngozi izoee. Inatoa rangi ya nguo na foronya, kwa hivyo usilale na ile fulana unayoipenda. Usitumbue. Vaa kofia juani, kwa sababu jua linakoleza madoa. Kisha ngoja wiki 8 hadi 12. Anayekuahidi siku tatu anakuuzia steroidi.

Enda hospitali kama una vinundu vikubwa vinavyouma, kama zinaacha mashimo au makovu yanayovimba, au kama wewe ni msichana na chunusi zinakuja pamoja na hedhi isiyoeleweka na ndevu kidevuni. Ukiwa na mimba, sema kabla ya kupewa dawa yoyote, maana zile za jamii ya vitamini A hazikufai. Na kama tayari unatumia kikopo, beba ukionyeshe. Usione aibu, hautakuwa wa kwanza.

Mdogo wangu nilimtumia ile mia tatu na nikaongeza kidogo, nikakaa kwa simu hadi akafika duka la dawa. Leo ni siku ya kumi na nne. Chunusi bado ziko. Jana alinitumia picha na kuandika, "Hii dawa yako ni polepole." Nikamwambia ni kweli, ni polepole. Halafu nikamtumia picha yangu ya kidato cha nne, ile niliyokataa kila mtu asiione.

Hakujibu chochote. Lakini leo asubuhi ameenda shule.