Mapumziko ni Amri, Si Ombi

Kila askari aliyepitia mafunzo ya awali anaijua kanuni ya gadi. Mlinzi haachi lindo lake kwa sababu amechoka, wala haombi kubadilishwa, hubadilishwa. Saa yake ikitimia, mkuu wa gadi humleta mwingine, naye huenda kulala, na hakuna amwitaye mvivu. Kanuni hiyo haikuwekwa kwa huruma. Iliwekwa kwa kuwa jicho lililokesha halioni, na adui hafurahii kitu kama mlinzi asiyeona.

Ndugu askari na polisi, napenda leo tuitazame kanuni hiyo mahali ambapo wengi wetu hatukuzoea kuitafuta, yaani katika kazi ya madaktari wa mifugo. Watu wa kazi hiyo, kama sisi, huapa kutumika; kama sisi, huitwa usiku na mchana; na kama sisi, hujivunia uvumilivu. Katika nchi ambako hali yao imechunguzwa kwa makini, yameonekana wazi yale yanayowapata watu wenye nidhamu pindi mapumziko yanapoachwa kuwa shauri la kila mtu na nafsi yake.

Daktari wa mifugo si mgeni kwetu. Waliotumika Karamoja katika miaka iliyofuata kazi ya kukusanya silaha, iliyoanza upya mwaka 2006, wanakumbuka jinsi mifugo ya raia ilivyolazwa katika mazizi karibu na kambi za jeshi ili isiporwe. Ng'ombe wengi wakisongamana mahali pamoja, maradhi huambukizana upesi. Hivyo zizi moja lilihitaji walinzi wawili: askari wa kuzuia wezi, na daktari wa kuzuia maradhi.

Walakini mfano ulio wazi zaidi unatoka Uingereza. Huko, kanuni za maadili za Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Mifugo zinawataka madaktari wanaotibu wachukue hatua ili mnyama aliye katika dharura apate huduma ya kwanza na kupunguziwa maumivu wakati wowote katika saa 24. Ni kanuni njema, kwani mnyama hachagui saa ya kuumwa. Lakini katika zahanati ndogo yenye madaktari wawili au watatu, maana yake kwa miaka mingi ilikuwa hii: daktari alifanya kazi mchana kutwa, akalala na simu kando ya kitanda, akaitwa saa nane za usiku kumzalisha ng'ombe katika baridi na tope, na saa mbili asubuhi akawa tena mezani, kisu mkononi, akimpasua mbwa wa mtu mwingine. Lindo lake halikuwa na wa kumpokea.

Juu ya uchovu huo kuna mzigo mwingine. Mtu akiugua Uingereza, serikali humtibu kwa fedha za kodi. Mnyama akiugua, mwenyewe hulipa. Basi daktari hulazimika kutaja bei mbele ya mtu anayelia. Mwenye mnyama akikosa fedha, aghalabu ghadhabu yake humshukia daktari, akaambiwa kwamba anapenda fedha kuliko wanyama. Tena yule aliyesomea kuokoa uhai ndiye anayeombwa kuukatisha, mnyama anapokuwa hana tumaini la kupona au mwenyewe hana uwezo wa kumtibu. Akitoka katika chumba hicho huingia cha pili, ambako mtoto ameleta kijibwa kipya kichanjwe, na pale hana budi kutabasamu.

Kibaya zaidi ilikuwa desturi ya kazini. Madaktari wakongwe walijisifu kwa usiku waliokesha, na kijana aliyetoka chuoni alipimwa kwa yale anayoweza kuyastahimili bila kunung'unika. Akiachwa peke yake zamu ya usiku na kukwama katika upasuaji, aliona aibu kumwamsha mkubwa wake. Kuomba siku ya kupumzika kulikuwa sawa na kumtwika mwenzake zamu hiyo, maana hapakuwa na mtu wa ziada. Kila mmoja alinyamaza kwa kumhurumia mwingine, na wote wakachoka pamoja. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mahali ambapo mapumziko huombwa, mfanyakazi mwema haombi, na mvivu huomba kila siku.

Matokeo yamehesabiwa. Nchini Marekani, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulipitia vifo vya madaktari wa mifugo 11,620 waliofariki kati ya 1979 na 2015. Kati yao, 398 walijiua. Hatari hiyo kwa wanaume ilikuwa mara 2.1 ya ile ya wanaume wengine nchini humo, na kwa wanawake mara 3.5. Uingereza nako wachunguzi waliandika mwaka 2010 kwamba kiwango cha madaktari wa mifugo kilikuwa yapata mara nne ya kile cha raia kwa jumla. Mtu hajiui kwa sababu moja tu, na haifai kumhukumu marehemu. Lakini saa ndefu, upweke wa kazi na aibu ya kuomba msaada vimetajwa mara kwa mara na wale waliolichunguza jambo hili.

Askari wa Uingereza waliuona mzigo huo kwa macho yao mwaka 2001. Februari mwaka huo ugonjwa wa miguu na midomo uligunduliwa kwa nguruwe katika machinjio ya Essex, ukaenea hadi ukathibitishwa katika mahali 2,026 kisiwani humo. Zaidi ya wanyama milioni 6 waliuawa katika jitihada za kuuzima. Jeshi liliitwa kusaidia, na huko Cumbria Brigedia Alex Birtwistle akaongoza kazi ya kuzika mizoga, mingi yake katika uwanja wa zamani wa ndege wa Great Orton. Jeshi lilileta kile ambacho idara ya kilimo ilipungukiwa nacho: utaratibu wa malori na watu, na makao yanayojua nani yuko wapi. Nao madaktari, pamoja na wengine waliotoka Australia, New Zealand na Marekani, walipita shamba kwa shamba wakitoa hukumu ya kifo mbele ya wakulima waliowalea wanyama hao, na wanyama wengi hawakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa. Vita vya namna hiyo havina risasi, lakini vina majeruhi.

Madaktari hao hawakuishia kulalamika. Zahanati nyingi za mijini siku hizi hukabidhi usiku wote kwa zahanati maalumu za dharura, ambako daktari wa zamu ya usiku hulala mchana. Mwaka 2014 Chuo cha Kifalme kilianzisha mpango wa kutunza afya ya akili ya watu wa kazi hiyo. Tangu mwaka 2021 kila daktari mpya huwekewa mshauri aliyefunzwa, mahali pake pa kazi, wa kumwongoza katika siku za mwanzo. Iko pia simu ya msaada ya chama cha Vetlife, inayopokewa usiku na mchana. Katika hatua hizo, mbili za kwanza kwa askari ni zamu na mshauri. Hakuna anayeombwa kukiri udhaifu ili apate usingizi au apate mkubwa wa kumwuliza, amepangiwa.

Liko jambo jingine ambalo askari yafaa alisome mara mbili. Ripoti nyingine ya Marekani ya mwaka huo huo wa 2019 ilionyesha kwamba ukiviweka kando vifo vilivyotokana na dawa moja ya kazini, hatari ya madaktari hao haikuwa tena kubwa kuliko ya raia wengine. Maana yake ni kwamba saa ya giza hupita, iwapo katika saa hiyo hakuna chombo cha mauti karibu na mkono. Dawa ya daktari hufungiwa kabatini na kuandikwa daftarini. Chombo chetu sisi ni bunduki.

Atasema mtu kwamba vita havina likizo, na kwamba mhalifu hangoji polisi apumzike. Ni kweli, na hiyo ndiyo hoja yangu. Kwa kuwa hatari haina saa, mtu mmoja hawezi kuingoja saa zote. Ndiyo sababu wahenga wa jeshi walituachia zamu.

Basi tujiulize kama kanuni tunayoishika langoni tunaishika pia kwingineko. Dereva wa lori aliyeendesha usiku kucha, mwuguzi wa hospitali ya kambi, karani wa malipo mwisho wa mwezi, polisi wa barabarani aliyesimama juani tangu alfajiri kisha akapangiwa doria ya usiku: hawa nao ni walinzi. Orodha ya zamu ionyeshe nani anafanya kazi na nani anapumzika. Likizo ipangwe mwanzoni mwa mwaka, na kamanda amtafute yule asiyeichukua, kwani huenda huyo ndiye anayeihitaji zaidi. Afande naye achukue likizo yake, maana askari hufuata nyayo kuliko hotuba. Na askari aliyefiwa, au aliyerudi kutoka mapambanoni akakosa usingizi, apewe kwa muda kazi isiyo na silaha, bila kushushwa cheo wala heshima, huku akionana na daktari, kasisi au imamu wa kikosi.

Tusisahau pia nyumbani. Mtoto anayemjua baba au mama yake kwa sare tu, na mwenzi wa ndoa anayepata mabaki ya nguvu zilizokwisha kambini, nao wanalipa gharama ya zamu isiyopangwa. Askari mwenye nyumba tulivu hurudi kazini na akili timamu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Madaktari wa mifugo waliyaficha yao kwa jina la uvumilivu, hadi vilio vikawa vingi vya kuhesabika. Sisi tunayo dawa tayari, imeandikwa katika kanuni ya gadi tangu siku ya kwanza ya mafunzo. Kamanda anayemwambia askari wake aende akalale ametoa amri ya kivita kama amri nyingine yoyote, na askari anayekwenda kulala ametii.