Safari ya Kuijua Nchi Haianzii Langoni mwa Mbuga

Imekuwa desturi katika shule zetu nyingi kwamba mwalimu akitamka neno ziara, mawazo ya wote hurukia kwenye simba. Michango hukusanywa, basi hukodiwa, na msafara huelekea kaskazini. Tumepata kuuona mpango wa ziara wa shule moja ya sekondari: siku nne, mbuga mbili, maporomoko ya maji, na saa moja ya kununua vinyago mjini. Katika karatasi nzima halikuwamo jina la mzee hata mmoja wa kuzungumza naye, wala kaburi, wala gofu, wala ngoma. Twathubutu kusema kwamba mpango ule ulitungwa na mtalii, na mwalimu aliunakili tu.

Hatuidharau Serengeti. Lakini njia hiyo ilipangwa kwa ajili ya mgeni ashukaye kwenye ndege akiwa na siku chache na fedha nyingi, aliyekuja kutazama kisichopatikana kwao. Kijana wa Tanzania ana haja nyingine. Na hata huko mbugani, ni wanafunzi wangapi huambiwa kwamba Wamaasai waliokuwa wakichunga ng'ombe katika Serengeti walihamishwa mwaka 1959? Huonyeshwa pundamilia, wakapanda basi, wakarudi.

Safari ya vituo vingi yataka uzi wa kuvishona vituo hivyo. Bila uzi huo, mwanafunzi hurudi na picha ishirini zisizojuana. Sisi tungechukua uzi wa Vita vya Majimaji, kwa sababu vita hivyo vilipita katika makabila mengi na katika sura nyingi za nchi: delta, pwani, miombo na milima. Atakayeufuata uzi huo ataiona nchi bila kulazimika kuitafuta.

Na aanzie Dar es Salaam kuelekea kusini. Zamani Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na wasafiri waliweza kulala ukingoni wakingoja; tangu mwaka 2003 kuna Daraja la Mkapa. Ng'ambo ya mto iko Mohoro, alikonyongwa Kinjikitile Ngwale tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza katika vilima vya Umatumbi. Basi la watalii halisimami Mohoro. La wanafunzi lisimame.

Kutoka hapo ni Kilwa. Katika kituo hiki twataka walimu wasiwe na haraka, walale siku mbili, wavuke kwa mashua kutoka Masoko hadi Kisiwani, na wautembelee Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe na magofu ya Husuni Kubwa. Ibn Battuta aliufikia mji huu mwaka 1331, dhahabu ya Sofala ikipita mikononi mwa wafanyabiashara wake. Wareno waliuvamia mwaka 1505. Mwanafunzi akae juu ya ukuta ule ajiulize mwenyewe kama ni kweli, kama alivyopata kusikia, kwamba wageni ndio waliotuletea miji.

Kisha Lindi, halafu Masasi penye milima ya mawe iliyosimama peke yake, halafu Tunduru, mpaka Songea. Kati ya Masasi na Songea ni zaidi ya kilomita 400 za miombo, na tumewasikia walimu wakilalamika kwamba njiani hapo hakuna cha kutazama. Basi wayatazame hayo hayo mapori, wakumbuke kwamba katika nchi hii ya kusini Wajerumani walichoma vijiji na maghala ya chakula, hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Songea kuna kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na jumba la makumbusho kando yake. Nafasi ikiwapo, wapande hadi Umatengo huko Mbinga wakaone ngolo, mashimo ya kilimo yaliyochimbwa kwa mpango kwenye miteremko mikali ili udongo usichukuliwe na mvua. Hayo ni maarifa ya wakulima, na hayakufundishwa na bwana shamba wa kikoloni.

Njia ya kurudi ipite Njombe penye baridi, hadi Iringa. Wahehe hawakuingia katika Majimaji. Walikwisha kupigana vita vyao, walipolishinda jeshi la Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891. Kwa nini safari hii hawakuinuka? Swali hilo liulizwe Kalenga kwenyewe, mbele ya fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na wenyeji wapewe nafasi ya kulijibu.

Tutaambiwa kwamba safari hiyo ni ndefu na ya gharama. Ndefu ni kweli. Lakini viingilio vyake haviwezi kulinganishwa na vya mbuga za kaskazini, na wanafunzi waweza kulala katika mabweni ya shule wenzao, mradi mwalimu mkuu aandike barua mapema na wageni wachukue unga wao. Na kwa wale wasiotaka kurudi nyumbani bila kuona wanyama, barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Morogoro hukatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Twiga na tembo wataonekana dirishani mwa basi, bila kiingilio.