Insha Haiandikwi Usiku Mmoja

Labda wewe ni mwanafunzi wa chuo, umepewa insha ya kurasa kumi na muda wa wiki tatu. Au labda wewe ni mzazi, na mtoto wako amekuja likizo na mzigo wa vitabu. Leo siku ya nne yupo mezani, wala hajaandika ukurasa hata mmoja. Usimwite mvivu. Kuandika kwa kitaaluma ni kama kulima: apandaye kabla ya kufyeka huvuna magugu.

Kwanza, tafuta swali. Mwalimu akisema, “Andika juu ya reli,” hilo si swali bado, ni pori. Lipunguze. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Basi jiulize: wapagazi waliokuwa wakichukua mizigo kutoka Tabora mpaka pwani, walipata kazi gani reli ilipofika? Sasa unalo swali lenye mipaka, tena jibu lake hulijui. Ndiyo sababu ya kuandika.

Pili, soma, na kalamu iwe mkononi. Kila unaponukuu, andika papo hapo jina la mtungaji, kitabu, mwaka na ukurasa. Maneno yake yatie katika alama za kunukuu. Na ukiyaeleza kwa maneno yako, bado taja ulikoyapata. Wengi huangukia wizi bila kukusudia, maana baada ya wiki mbili hawajui tena lipi ni lao na lipi ni la mwenzao. Na wizi huo si jambo dogo: mtu aweza kufutiwa matokeo, hata kufukuzwa chuoni, na ada waliyoitafuta wazazi kwa jasho ikapotea.

Tatu, fanya mpango. Andika jibu lako kwa sentensi moja, kisha panga hoja chini yake. Hoja isiyolisaidia jibu iache, hata ikiwa tamu.

Nne, andika rasimu. Endelea mbele bila kusimama kwa kila neno. Mwenye kuandika na kufuta papo hapo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na zote mbili huharibika. Rasimu si ya kumpa mwalimu; ni ya kukuonyesha wewe mwenyewe unafikiri nini. Huenda ukafika katikati ukaona jibu lako la kwanza halisimami. Usikate tamaa. Rudi kwenye mpango, hata kwenye vitabu. Kurudi nyuma ni sehemu ya kazi.

Tano, rekebisha. Iache rasimu siku mbili, ndipo uisome kama mgeni. Anza na makubwa: swali limejibiwa? Kila aya ina hoja moja na ushahidi wake? Tahajia na nukta ni za mwisho, kwa kuwa hakuna faida kupaka chokaa ukuta utakaobomolewa kesho. Kisha mpe mwenzako aisome. Jomo Kenyatta, alipokuwa mwanafunzi wa Profesa Bronislaw Malinowski huko London miaka ya 1930, alisoma makala zake darasani mbele ya wenzake. Makala hizo ndizo zilizozaa kitabu chake, Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938.

Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazoweza kukuandikia insha nzima kwa dakika chache. Karatasi zitajaa, lakini mwalimu akikuuliza, “Wajuaje?” utamjibu nini? Aliyepita hatua hizi tano anajua alichosoma wapi, na kwa nini alikubali hili akakataa lile. Elimu ndiyo hiyo. Insha ni ushahidi wake tu.

Basi zigawe wiki zako tatu hivi: ya kwanza kwa swali na kusoma, ya pili kwa mpango na rasimu, ya tatu kwa kurekebisha. Anza leo. Na wewe mzazi, mwachie meza na taa, na mdogo wake ndiye aende kuteka maji wiki hii.