Anza na jedwali
Mwanafunzi wa chuo aliye likizo Mbulu au Katesh, mkoani Manyara, akipakua makala ya utafiti wa kompyuta, huisoma neno kwa neno, na ukurasa wa tatu humkuta ameshasinzia. Simlaumu, nani alimwambia kuwa makala hizi hazisomwi kama riwaya? Mtafiti wa kompyuta Srinivasan Keshav aliandika mwaka 2007 kwamba zisomwe kwa mizunguko mitatu, na wa kwanza ni wa dakika tano hadi kumi tu: kichwa, ikisiri, utangulizi, vichwa vidogo, hitimisho. Mimi naongeza majedwali, maana huko majigambo hupungua. Chukua makala ya kampuni ya Meta ya mwaka 2022 kuhusu tafsiri ya mashine kwa lugha 200, ambayo kichwa chake kinatangaza kuwa hakuna lugha itakayoachwa nyuma. Sasa shuka kwenye jedwali la lugha zenyewe: Kiswahili kimo, Kikamba kimo, Kijaluo kimo. Kiiraqw hakimo, wala Kidatoga, lugha za huko Mbulu na Katesh. Basi uliza: data ilitoka wapi, nani alizipima tafsiri, na lugha ya bibi yako wa Dongobesh ingehitaji sentensi ngapi ili iingie? Hesabu nzito zingoje mzunguko wa tatu, tena ukiwa na kalamu na karatasi mkononi.