Utumbo Si Chujio

Wakati wa mazoezi ya kufundisha wanachuo wengi hupenda somo la mmeng'enyo wa chakula, na aghalabu hulifundisha vema mpaka wafikapo tumboni. Meno huchorwa ubaoni, watoto hutafuna mkate mpaka uwe mtamu kinywani, kazi ya tumbo huelezwa kwa mapana. Kisha, kengele ikikaribia kulia, mwalimu husema kwamba chakula kilichosagika hufyonzwa na utumbo mwembamba, na makapi hutolewa nje. Sentensi moja tu, nayo ndiyo iliyobeba sababu ya sisi kula!

Naliona hili kuwa kosa la andalio la somo wala si la uhaba wa muda. Chakula kilichomo tumboni bado hakijaingia mwilini. Ni kama mgeni aliyeketi barazani, hajakaribishwa ndani. Mlango wa kuingilia umo katika utumbo mwembamba, na mtoto asiyeujua mlango huo hajajifunza lishe, amejifunza safari ya ugali.

Wako wanaojitahidi kulieleza jambo hili kwa chujio la chai: vitu vidogo hupita, vikubwa hubaki. Mfano huu ni mwepesi, lakini unapotosha. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa moja ambamo mwanachuo aliutumia kwa ustadi, hadi mtoto mmoja aliponyosha mkono akauliza, "Mwalimu, mdogo wangu anaharisha. Bibi amesema asipewe maji kwa kuwa yanamtoka yote. Ni kweli?" Mwanachuo alitazama chujio lake, akanyamaza. Kwa hoja ya chujio, bibi hakukosea: chombo kilichotoboka hakijazwi. Hata hivyo, mtoto anayeharisha akinyimwa maji huweza kufa.

Jibu limo katika ukuta wa utumbo wenyewe. Ukuta huo umefunikwa na vijinyama mfano wa vidole, kila kimoja kikiwa na urefu wa milimita moja au pungufu, na juu yake zimo seli hai zenye malango ya kuchagua. Glukosi haipenyi kama maji ya chai. Hupokewa na mchukuzi maalumu wa protini, naye hukubali kuibeba ikiwa tu imefuatana na sodiamu itokayo katika chumvi. Viwili hivi vikiingia pamoja, maji huvifuata. Robert Crane ndiye aliyeyaeleza mambo haya mwaka 1960. La ajabu ni kwamba hata katika kipindupindu, sumu ya ugonjwa inapoyafanya maji yamwagike utumboni kwa wingi, mchukuzi huyu huendelea na kazi yake.

Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi waliokimbilia India kutoka Bangladesh, maji ya kutundikia mishipani yalikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akawanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na glukosi. Vifo vilivyokuwa kama 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Chujio haliwezi kutueleza kwa nini.

Basi mwanachuo afanye nini? Kwanza, agawe vipindi viwili, na cha pili kiwe cha ufyonzaji peke yake. Achukue kamba ya mita 6, ambayo ni kadiri ya urefu wa utumbo mwembamba wa mtu mzima, watoto waishike wakiwa wamejipanga. Apime sakafu ya mita 6 kwa 5, awaambie kwamba mikunjo na vidole vile vikitandazwa vyote vitapata eneo kama hilo. (Vitabu vingi vya zamani husema uwanja mzima wa tenisi; vipimo vilivyochapishwa mwaka 2014 viliupunguza uwanja huo sana.) Alete taulo na kipande cha kanga chenye ukubwa uleule, watoto wakilinganishe kila kimoja kinanyonya maji kiasi gani, lakini aseme wazi kwamba taulo linafundisha eneo tu, halichagui kitu. Kisha aijaze ndoo ya lita 20 karibu hadi nusu. Maji kama hayo, pamoja na mate na majimaji ya tumbo, kongosho na nyongo, huingia utumboni kila siku, na karibu yote hurudishwa mwilini. Hapo mtoto atafahamu kwa nini kuharisha kunakausha mwili upesi.

Habari za mafuta kupitia mishipa ya limfu, na za chai kuzuia madini ya chuma iandamanapo na chakula, zaweza kungojea kipindi kingine.

La mwisho lifanywe kwa mikono. Watoto wachanganye lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mwalimu asikubali makisio: sukari ikizidi, huyavuta maji kutoka mwilini na kuzidisha kuharisha, na chumvi ikizidi ni hatari. Awaeleze pia kwamba pakiti za zahanati ni bora zaidi zikipatikana, kwamba mtoto mchanga aendelee kunyonya, na kwamba mgonjwa aliyelegea apelekwe kwa mganga bila kukawia. Kisha kila mmoja aonje. Maji yakiwa na chumvi kuliko machozi, yamwagwe, kazi ianze upya.