Walinzi Wetu na Udhuru wa Ugeni

Kila mara timu yetu ya taifa inapofungwa mabao mengi, husikika neno moja kutoka vibarazani mpaka maofisini: walinzi wetu wangali wachanga, ni wageni wa mashindano makubwa, basi wapewe muda. Neno hilo ni la upole, na mara nyingi msemaji wake ni mtu mwema aipendaye timu. Lakini sisi twaona kuwa limezoeleka mno, nalo limekwisha kupewa kazi isiyo yake, yaani kazi ya kufunika. Yafaa tulipime.

Tulipe kwanza haki yake. Mwaka 2019 Taifa Stars walikwenda Misri wakiwa wageni kweli kweli. Kabla ya hapo tulikuwa tumecheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mara moja tu, mwaka 1980 kule Nigeria, na walio wengi katika kikosi cha Misri walikuwa hawajazaliwa. Kundi nalo lilikuwa zito. Senegal walitufunga 2-0, Algeria wakatufunga 3-0, na timu hizo mbili ndizo zilizokutana katika mchezo wa mwisho wa mashindano yale, Algeria wakatwaa kombe. Mtu mwenye insafu hamtukani beki aliyeshindwa na bingwa.

Lakini insafu ina pande mbili. Senegal waliotufunga siku ile walicheza bila Sadio Mané, aliyekuwa akitumikia adhabu. Algeria walikuwa wamekwisha kufuzu, wakawapumzisha wengi wa wachezaji wao wa kwanza. Hata hivyo mabao yote matatu yaliingia kabla ya mapumziko. Na katikati ya mechi hizo mbili ilikuwapo mechi ya Kenya. Jirani zetu nao walikuwa hawajaonekana katika fainali hizo tangu mwaka 2004, kwa hiyo wageni walikutana na wageni. Msuva alifunga katika dakika ya 6. Kenya waliposawazisha, Samatta akatutanguliza tena katika dakika ya 40. Tukatoka uwanjani tumefungwa 3-2, na Olunga, mshambuliaji anayejulikana Afrika Mashariki nzima, amefunga mawili. Timu iliyoongoza mara mbili ikapoteza mechi haiwezi kusema kwamba iliogopa tangu mwanzo.

Katika mechi 3 tulifungwa mabao 8. Tutazame sasa wale waliokuwa wageni kutupita sisi, maana mwaka huo zilikuwapo nchi tatu zilizofika fainali kwa mara ya kwanza kabisa. Madagascar waliwafunga Nigeria 2-0, wakaongoza kundi lao, wakafika robo fainali. Mauritania walifungwa 4-1 na Mali katika mechi ya kwanza, halafu wakafunga mlango wao: wakatoka 0-0 na Angola, na 0-0 na Tunisia. Burundi, nchi ndogo kuliko yetu, walipoteza mechi zote tatu na hawakupata hata bao moja, lakini waliofungwa ni mabao 4, nusu ya yetu. Kama ugeni ndio uliokuwa ugonjwa, mbona wenye ugeni mkubwa zaidi waliugua kidogo?

Wala tusiseme kwamba walinzi wetu walikuwa watoto. Kelvin Yondani alikuwamo katika kikosi kile, na umri wake ulikuwa umekwisha kupita miaka 30. Erasto Nyoni naye alikuwamo, ambaye alikuwa amevaa jezi ya taifa kwa zaidi ya miaka 10. Hao ni watu wazima wa mpira, wenye heshima yao, nasi hatutaki kuwavunjia. Twasema tu kwamba neno “mchanga” haliwafai.

Jambo jingine latushangaza. Mwezi wa Julai, mara baada ya mashindano, kocha Emmanuel Amunike aliachishwa kazi. Ikiwa kosa lilikuwa ni ugeni wa wachezaji, kocha alifukuzwa kwa lipi? Na ikiwa kosa lilikuwa la kocha, kwa nini mpaka leo twaendelea kuimba wimbo wa ugeni? Maneno hayo mawili hayapikiki katika chungu kimoja.

Kwa maoni yetu, ushahidi mkubwa kuliko wote haukupatikana Misri. Ulikuwa umekwisha kuonekana miezi michache kabla, katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika, ambamo Simba walifika robo fainali. Kwa kuanzia hatua ya makundi, Simba walicheza mechi 4 Dar es Salaam: 3-0 na JS Saoura, 1-0 na Al Ahly, 2-1 na AS Vita, na 0-0 na TP Mazembe. Walifungwa bao moja tu katika mechi zote nne. Walicheza na timu hizo hizo ugenini mara 4, wakafungwa 5 na Vita, 5 na Al Ahly, 2 na Saoura, na 4 na Mazembe. Jumla ni mabao 16. Klabu ile ile, msimu ule ule, wapinzani wale wale: bao 1 hapa, mabao 16 huko. Uchanga haupandi ndege ukamsubiri mtu uwanja wa kigeni. Aliye mchanga ni mchanga kwao na ugenini pia.

Kilichobadilika ni namna ya kazi. Nyumbani timu hushambulia, na mlinzi huguswa mara chache. Ugenini mpira humjia dakika 90, na hapo ndipo huulizwa kama alifundishwa: kusogea pamoja na wenzake kama mstari mmoja, kujua ni nani anayemkaba nani wakati wa kona, kuutuliza mpira na kuumiliki badala ya kuupiga mbele ukarudi upesi kuliko ulivyokwenda, na kusemezana. Haya hayaji kwa kuzeeka. Hufundishwa, hurudiwa, tena hurudiwa mpaka yachoshe. Katika ligi yetu walinzi wa klabu mbili kubwa hupita majuma mengi bila kushambuliwa kwa nguvu, na hao ndio ambao timu ya taifa huwategemea sana. Tukumbuke kwamba mabao yetu mawili ya Misri yalifungwa na watu waliokuwa wakipata riziki yao nje, Msuva nchini Morocco na Samatta nchini Ubelgiji, ambako kila juma walijaribiwa.

Tutaambiwa: mbona mambo yamekuwa mema tangu hapo? Ni kweli. Kule Ivory Coast, Januari 2024, tulifungwa mabao 4 katika mechi 3, tukatoka 0-0 na Kongo. Nchini Morocco, katika fainali zilizoanza Desemba 2025, tulifungwa 5 katika mechi 4, tukavuka makundi kwa mara ya kwanza, na wenyeji wakatutoa kwa bao moja tu. Twafurahi na kuwapongeza vijana. Lakini Yondani na Nyoni hawakuwamo tena. Walinzi wengi walikuwa wapya. Basi waliobadilisha hali si wale wageni wa 2019 waliokomaa, bali ni watu wengine waliopangwa vizuri zaidi. Na ule ugonjwa wa zamani haujaisha: Zambia, wakiwa watu 10 tangu kabla ya mapumziko, walitusawazishia kwa kichwa cha Daka katika dakika ya 88.

Liko kundi moja ambalo udhuru wa uchanga uliwafaa kwa haki. Ni wale vijana wa Serengeti Boys waliocheza fainali za Afrika za umri chini ya miaka 17 hapa hapa Dar es Salaam, Aprili 2019. Walifungwa 5-4 na Nigeria, 3-0 na Uganda, 4-2 na Angola: mabao 12 katika mechi 3, mbele ya mashabiki wao. Hao tuliwaambia wapewe muda, na ilikuwa sawa. Muda walipewa. Mwalimu je?

Mwaka 2023 nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, ilikabidhiwa uenyeji wa fainali zilizopangwa kwa mwaka 2027. Wananchi watajaza viwanja kwa fedha zao za jasho. Twaliomba Shirikisho la Mpira wa Miguu litangaze mambo mawili kabla ya kutuomba subira nyingine: ni walimu wangapi walioajiriwa kuwafundisha walinzi katika timu zetu za vijana, na kati ya mabeki wale wa Aprili 2019, ni wangapi wanaocheza mpira leo, na wanacheza wapi.