Farasi Kijana Asiharakishwe

Mtu anunuapo farasi wa miaka 3, aghalabu hudhani amepata mnyama aliyekwisha kukomaa. Kimo anacho, shingo imejaa, na ngozi yang'aa. Basi humtandika siku ile ile, na kabla ya mwezi kwisha humkimbiza mlimani ili rafiki zake wamwone. Farasi hakatai, kwa kuwa ni tabia yake kujitoa kwa mpandaji. Ubaya huonekana baadaye, mguu uvimbapo, au mnyama aanzapo kurudi nyuma kila alionapo tandiko.

Sababu yake ni kwamba viungo vya farasi havipati nguvu kwa wakati mmoja. Moyo na mapafu huzoea kazi katika majuma machache. Misuli huhitaji miezi. Kano za miguu, kwato na mifupa hukawia zaidi, pengine mwaka mzima au kupita. Kwa hiyo huja wakati ambapo farasi hahemi tena kwa taabu, naye mwenyewe ataka mbio, hali kano zake bado ni changa. Hapo ndipo farasi wengi wazuri huharibiwa. Hata mifupa ina zamu zake: ile ya chini ya miguu hukomaa mapema, ya goti la mbele katika mwaka wa tatu, bali ya uti wa mgongo, pale pale akaapo mpandaji, haikamiliki mpaka mnyama apite miaka 5.

Yafaa basi kujua kadiri ya mzigo. Chukua utepe wa fundi cherehani, upime mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha kipimo cha kifua kwa chenyewe, halafu kwa urefu, ugawe kwa 11,880. Jibu ni uzito wake kwa kilo. Farasi mwenye kifua cha 170 na urefu wa 150 atakuwa na kilo 365 hivi. Mnyama mzima asibebe zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake, tandiko likiwamo, nayo hapa ni kilo 73. Kijana apewe pungufu ya hapo. Hesabu hii si ngumu kwa karani yeyote, ingawa mpandaji mnene huenda akaona haya kidogo atakapofika mwisho wake.

Kazi ya kwanza ni kutembea, wala si jambo jingine. Kwa majuma 4 hadi 6 aende kwa hatua, akianza na dakika 20 kwa siku na kuongezewa kidogo kidogo hata kufikia saa nzima. Wenye mashamba ya Molo, au walio karibu na vilima vya Ngong, wanayo bahati, kwa maana hakuna kijengacho mapaja ya nyuma kama kupanda mteremko polepole. Kushuka nako kuna faida, ila kwa hatua fupi na bila haraka. Baadaye aanze mwendo wa kuchapuka, kwanza kwa dakika mbili tatu. Nguzo 4 zikilazwa chini, kila moja ikiwa meta 1.3 hivi kutoka kwa mwenziwe, humlazimisha kuinua miguu na kuutumia mgongo.

Mgongo ndio ulio na siri ya kazi yote. Farasi aachwe anyooshe shingo mbele na chini, ndipo mgongo huinuka na kumchukua mpandaji kama daraja. Mpandaji avutaye hatamu ili kichwa kisimame kwa fahari huubonyeza mgongo ule ule, na misuli ikuayo ni ile ya chini ya shingo, isiyofaa kitu. Kumzungusha kwa kamba ndefu nako kusipite robo saa, kwa kuwa duara huchosha viungo. Na baada ya siku ya kazi nzito ifuate siku nyepesi, kwani misuli hujengeka wakati wa kupumzika.

Kwa chakula, majani makavu ndiyo msingi: kilo 2 kwa kila kilo 100 za mwili, kila siku. Wengi hupenda kumjaza pumba za ngano ili anenepe. Pumba zina fosforasi nyingi na kalisi haba, na zikizidi huidhoofisha mifupa. Nyasi za kikuyu, ambazo ng'ombe huzipenda, nazo zina kitu kinachomzuia farasi asiipate kalisi iliyomo. Lusini kidogo kila siku husaidia kuziba pengo hilo.

Saisi apitishe mkono miguuni kila asubuhi kabla mnyama hajatolewa zizini. Joto au uvimbe mdogo ukionekana kwenye kano, farasi asipandwe. Wako wenye farasi wakasirikao waambiwapo hivyo na saisi, hali yeye ndiye aijuaye miguu ile kuliko wao. Mapigo ya moyo hupimwa chini ya taya: akiwa ametulia huwa 28 hadi 44 kwa dakika. Baada ya kazi yakikawia zaidi ya dakika 10 kushuka chini ya 60, kazi ilipita kiasi.

Siku ya kupumzika nafaka ipunguzwe. Farasi aliyeshiba nafaka Jumapili akiwa amefungwa zizini, na kutolewa kazini Jumatatu, huweza kukakamaa mapaja njiani, akatoka jasho na kukojoa mkojo wa rangi ya kahawa. Huyo asilazimishwe hata hatua moja kurudi nyumbani. Afunikwe blanketi pale pale aliposimama, na daktari wa mifugo aitwe.